Wanahofiwa

Nyumba za mtaa wetu wa Mbotela zilijengwa na watu waliodhani jirani hana haja ya siri. Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani yangu ni mwembamba kiasi kwamba akikohoa mimi humwambia pole, naye huitikia asante, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Mimi ni fundi wa nguo. Pia ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na kwa kuwa kanisa hufungwa siku za kazi, mazoezi mengi tumeyafanyia kwangu, watu wakiketi kitandani, kwenye viti vya plastiki na juu ya mafurushi ya vitambaa vya wateja.

Upande wa pili wa ukuta huo aliishi mama mmoja aliyekuja Nairobi kutoka magharibi, muuza omena na mboga, pamoja na kitindamimba wake. Kijana huyo hakuwa mwanakwaya. Alisema kwaya yetu ina sare nyingi kuliko sauti. Lakini alikuwa na sikio, sijui alilitoa wapi, na kwa kutusikiliza miaka yote hiyo alizijua sauti zote nne kutuzidi sisi wenyewe. Tulipoteleza, besi ikazama au sauti ya kwanza ikapanda mahali isipotumwa, alibisha ukutani mara mbili. Maana yake ilikuwa: mmepotea, anzeni tena.

Mwanzoni nilikasirika sana. Nilimvizia mlangoni nikamwambia kwamba nimefundisha kwaya tangu yeye hajazaliwa, na kama anataka kufundisha, aje na shati lililopigwa pasi. Akacheka. "Mathe, si madharau. Hapo mmepotea tu." Na kweli tulikuwa tumepotea. Mwishowe tulizoea hata tukawa tunamngoja. Tukihisi mambo si mambo, tulinyamaza kidogo na kuutazama ukuta.

Yeye ndiye aliyeniita Mathe wa Habari, yaani mama wa habari. Nina tabia hiyo tangu ujana: jambo likitokea, mafuriko, ajali, mgomo, mimi husikia wimbo kabla habari haijaisha kusomwa. Msomaji wa habari anasema maneno, mimi nasikia noti. Nikishapata ubeti na kiitikio, narekodi kila sauti kwenye simu, natuma kwa kundi la kwaya, na Jumapili watu wanaimbiwa jambo ambalo bado linawauma. Ni lazima iwe haraka. Wimbo wa namna hiyo ukikaa wiki tatu unakuwa somo la historia, na mimi historia nilianguka. Kila nilipopita mlangoni pao asubuhi baada ya habari mbaya, kijana aliniuliza, "Niaje Mathe, leo umetuandikia nini?"

Siku ninayoikumbuka hapa, hakuniuliza. Nilipoamka alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta kibarua. Vijana wa mjengo hutoka alfajiri, husimama mahali wanapojulikana, na anayehitaji mikono huja kuwachukua. Mama zao hawajui wamepelekwa wapi mpaka warudi jioni wakiwa weupe kwa simiti.

Nilikuwa napinda sketi za shule wakati redio iliposema kwamba jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa mmoja wa huku kwetu Eastlands limeporomoka. Sitautaja mtaa huo, wenyewe wanaujua. Mafundi na vibarua walikuwa ndani. Idadi yao haikujulikana, akasema msomaji, na wengi wanahofiwa kufariki.

Nilizima mashine. Wa-na-ho-fi-wa. Lilikuwa neno zuri sana kuimba, Mungu anisamehe. Linapanda taratibu, linasimama kwenye fi, kisha linashuka lenyewe bila kusukumwa. Neno "kufariki" nilikuwa nimeshaliacha nyuma, maana halikutoshea. Kufikia saa za chai nilikuwa na hii:

Walitoka na sepetu, walitoka na karai,
jua limezama, wanahofiwa.
Mama kaweka chakula, chakula kimepoa,
wanahofiwa, wanahofiwa.

Nilirekodi sauti moja moja, nikatuma. Jioni, kabla ya giza, walifika. Watu wetu walikuwa wameguswa, kwa sababu hakuna nyumba huku isiyokuwa na mtu wa mjengo. Kiongozi wetu wa sauti ya tatu, mchomeleaji anayeishi Mowlem, alifika bado akinuka moshi wa chuma, akalalamika kama kawaida yake. "Mwalimu, hii umeweka juu. Unataka kutuua?" Nikamwambia ashukuru ana pumzi ya kulalamika. Nikajuta kidogo, kwa vile siku yenyewe ilivyokuwa.

Tukaimba. Kwenye kiitikio besi ilizama palepale inapozama siku zote. Tulinyamaza, tukautazama ukuta. Hakukuwa na kitu.

"Leo mkubwa wa ukutani hayuko," mchomeleaji akasema.

Tukaanza tena, na safari hiyo ilitoka safi, nikahisi nywele zikinisimama. Tulikuwa tukiirudia wanahofiwa ya mwisho wakati mlango ulipofunguka, akaingia mama wa jirani. Alikuwa amefunga leso kiunoni kwa haraka, upande mmoja ukining'inia. Mkononi alishika picha ya mwanawe, ile ya pasipoti, kubwa kidogo kuliko kucha.

"Mwalimu, samahani nimewaingilia," alisema. "Nisaidie kitu moja. Hiyo neno mnaimba. Kuhofiwa. Si ni kuogopwa?"

"Ni kuogopwa, mama," nikamwambia. "Lakini hapa ina maana..."

"Sasa ni nani anaogopa mtoto yangu?"

Sikuelewa. Nadhani hakuna aliyeelewa. Alituambia akiwa amesimama palepale mlangoni. Rafiki wa mwanawe alikuwa amempigia simu. Walichukuliwa pamoja alfajiri, wakapelekwa kwenye jengo hilo. Rafiki alitumwa maji, na alipogeuka na mtungi, jengo halikuwepo. Mama alikuwa ameshinda huko mchana kutwa na alirudi tu kuchukua picha, kwa sababu askari walitaka picha. Alipoinama kuitafuta chini ya godoro, akasikia sisi tukiimba upande wa pili.

"Hata kwa redio walisema hivyo," aliendelea. "Wanahofiwa. Na huko nimeona watu wamesimama mbali, hawasongi. Nikasema, kumbe ni hiyo. Wanamuogopa. Huyu mtoto hajawahi kupiga mtu, mwalimu. Si unamjua? Jogoo ya hapa nje ilikuwa inamkimbiza mpaka anapanda juu ya tangi ya maji."

Siku nyingine yoyote tungecheka hadi kulia, kwa sababu jogoo huyo tulimjua na tangi hilo tulilijua.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimebishana na wachungaji juu ya maneno. Lakini sikuweza kumfafanulia mama yule kwamba redio haikumaanisha watu wanamwogopa mwanawe, ilimaanisha wanadhani amekufa. Kila nilivyolipanga, lilitoka likiwa baya zaidi ya alivyolielewa yeye. Na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona hakuwa amekosea sana. Watu walikuwa wamesimama mbali. Kitu fulani walikuwa wanakiogopa.

Nadhani aliisoma kwenye nyuso zetu. Alitutazama mmoja mmoja, nguo zetu za kazi, simu zetu mikononi.

"Wamemuona?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Sasa kama hawajamuona, mnalilia nini? Msimzike na mdomo, mwalimu. Tafadhali."

Niliwaambia wanakwaya waufute wimbo ule kwenye simu zao, mbele yake, na wakaufuta. Kisha nikamketisha kitandani, mtu akamletea maji. Hakuyanywa. Alipokuwa akiondoka kurudi kule, aliniambia jambo moja zaidi, bila hasira, jinsi mteja anavyoagiza nguo. "Kama wewe unajua kuandika, andika ile itafanya wachimbe."

Asubuhi tulimfuata kule, mimi na yeyote kwenye kwaya aliyeweza kukosa kazi, tukiwa tumevaa sare. Mahali lilipokuwa jengo palikuwa na lundo la zege na nondo zilizopinda, na kulizunguka kulikuwa na utepe wa njano. Ndani ya utepe wanaume walipanga mstari na kupokezana vifusi kwa karai. Wengine walikuwa vibarua wenzao waliokuja bila kuitwa. Kila baada ya muda mmoja aliinua mkono, wote wakanyamaza, mtu akalala kifudifudi na kuita kwenye ufa. Halafu wakaendelea. Nje ya utepe tulikuwa sisi, familia zenye picha, na kando kidogo, kwenye barabara ya vumbi, tingatinga kubwa la manjano likinguruma bila kufanya kazi.

Mkubwa wa pale, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuja kwenye utepe akatangaza. Hakujasikika dalili yoyote ya uhai tangu jana. Jengo la jirani lilikuwa limepata ufa na waokoaji wangeweza kuangukiwa. Mchana viongozi wa dini wangefanya maombi kwa ajili ya waliopotea, na baada ya maombi tingatinga lingeingia kusafisha.

"Kusafisha," mama alirudia. Neno hilo hakuhitaji nimweleze. "Hiyo mashine haichagui, mwalimu. Inachota."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitaka. Alitaka mwanawe akiwa hai, na kama hakuwa hai, basi alimtaka akiwa mzima, mwenye uso, atakayeoshwa na kuvishwa na kulala kwenye kaburi lake nyumbani. Kati ya hilo na tingatinga kulikuwa na maombi tu. Na walioombwa kuimba kwenye maombi hayo, kwa kuwa walikuwa karibu na walikuwa na sare, walikuwa sisi.

Niliutunga wimbo mpya pale pale kwenye vumbi, bila karatasi. Nilimwambia mama anieleze mwanawe alivyo, yeye akaongea nami nikapanga. Nilitaka mtu anayesikia mara ya kwanza aweze kuitikia mara ya pili, kwa hiyo niliuacha mwepesi sana, wa kuuliza na kujibu, hata sauti ya pili haikuwa na kazi ya maana. Mchomeleaji aliusikia mara moja akasema, "Hii hata askari ataimba." Hakulalamika juu ya noti.

Mchana ulipofika, wachungaji waliomba. Waliomba vizuri, sina neno juu yao, ila walishaanza kusema "hawa ndugu zetu waliotutangulia." Kisha tukaitwa. Kamera moja ya televisheni ilitugeukia. Nikaanza.

Nani anamhofu kijana huyu?

Kwaya: Hakuna!

Jogoo wa plotini humkimbiza.

Hakuna wa kumhofu!

Kwa mikono, polepole,
mchimbueni, ni wetu.

Mchungaji mmoja alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa jogoo haombewi. Niliendelea. Nilipouliza tena, nani anamhofu, mwanamke mmoja nyuma yetu, ambaye sikumjua, alipaza sauti kabla sijafika kwenye jogoo. "Wangu ana kigugumizi!" Kwaya ikajibu, hakuna wa kumhofu. Sikuupanga mimi ubeti huo. Akafuata mzee aliyeshika picha ya arusi: "Huyu mpaka leo hajui kufunga tai!" Hakuna wa kumhofu. Mwingine: "Wangu analala na taa!" Mwingine akasema mumewe hudanganywa bei na kila mtu sokoni. Sikuwa na kazi tena ila kushika mapigo. Kila mtu alikuwa akimtaja mtu wake, si kwa jina, ila kwa tabia, na kila tabia ilikuwa ndogo na ya nyumbani, na mtu mwenye tabia kama hiyo hawezi kuchotwa na mashine.

Ndani ya utepe mstari wa karai haukusimama. Nadhani ulikwenda kasi kidogo, lakini labda ni mimi nilitaka iwe hivyo. Mama alikuwa mbele, kifua chake kwenye utepe, haimbi. Alipofikiwa na zamu aliinua picha ile ndogo juu, ambayo hakuna aliyeweza kuiona, akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu hubisha kwa ukuta." Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi wa kwaya, na nusu yetu tulishindwa kuitikia.

Dereva wa tingatinga aliizima injini. Pengine alitaka kusikia, pengine aliokoa mafuta. Sitaki kumdanganya mtu kwamba wimbo ulisimamisha mashine. Nimesikia watu mtaani wakisema hivyo na nimewakatiza. Mkubwa yule alizungumza sana kwenye simu, akazungumza na wahandisi, familia zikamzunguka, na mwishowe akatangaza kwamba wangetegemeza ule ukuta wenye ufa kwa vyuma, na wachimbaji wa mikono wangepewa mpaka kesho yake. Alipopita karibu nami alisema, "Mama, mmenitia kwa shida," lakini hakusema kwa ubaya.

Televisheni jioni ilituonyesha kwa muda mfupi. Waliandika chini yetu kwamba familia zaomboleza. Nilikuwa kwa dada yangu, mtaa wa Fedha, nimekwenda kumwazimia mama wa jirani blanketi za kukeshea kule, na karibu niirushie ile televisheni kikombe. Hatukuwa tunaomboleza! Lakini nani ningemwambia? Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeanza kwa kuomboleza, tena kwa sauti nne.

Walimpata kesho yake asubuhi, kwa mikono. Alikuwa amekufa, na daktari alisema alikufa mapema, siku ileile, kwa hiyo hata angechimbuliwa kwanza asingepona. Mama aliruhusiwa kuingia ndani ya utepe. Nilimwona akipiga magoti, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya leso, taratibu, kama alivyokuwa akimpangusa akirudi kazini. Alipotoka alinijia mimi. "Ni yeye," alisema. "Uso yake iko." Nililia mbele ya askari, mbele ya kamera, mbele ya kila mtu, na ni yeye aliyenishika mkono.

Matanga yaliwekwa Mbotela kabla ya safari ya nyumbani. Hema lilifungwa kati ya safu mbili za nyumba, viti vikakodiwa, kila jioni watu wakaja kuomba na kunywa chai. Kwaya iliimba nyimbo za kawaida za kitabuni. Ule wa kwenye utepe hatukuuimba. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Na mimi sikuandika kitu. Redio ilisema mambo yake, nikaiacha iseme.

Siku ya mwisho, mchana, alikuja mlangoni kwangu peke yake.

"Mwalimu, ule wimbo wa kwanza bado iko?"

Nilimkumbusha kwamba tuliufuta. Alijua, na mimi nilijua, kwamba wimbo niliouunda mwenyewe haufutiki kwa kubonyeza simu.

"Iko," nikamwambia.

"Leo jioni muimbe hiyo. Ile ya chakula kupoa. Nilikuwa nimeweka chakula kweli." Akaikaza leso kiunoni. "Lakini hiyo neno toa. Sasa hakuna kuhofu tena. Tumemuona."

Nililitoa. Mahali pake niliweka wamepatikana, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli, na nilijua tangu mwanzo kwamba itatusumbua. Wanahofiwa lina silabi tano na nilikuwa nimelipa noti tano. Wamepatikana lina sita. Moja haina pa kukaa.

Wanakwaya walifika mapema tufanye mazoezi kidogo. Tuliketi kama siku zote, kitandani na juu ya mafurushi. Nje, wanawake walikuwa wakimenya viazi, sufuria zikigongana. Mama alikuwa ameambiwa akapumzike, naye alikuwa amejilaza kwake, peke yake, upande wa pili wa ukuta. Nilitoa sauti, tukaanza kwa chini. Walitoka na sepetu, walitoka na karai. Ilikwenda vizuri. Jua limezama, tukafika kwenye neno jipya, na ile silabi ya sita ikatushinda. Sauti ya kwanza ikaimeza, sauti ya tatu ikaivuta, besi ikazama palepale inapozama siku zote. Tukanyamaza.

Hakuna aliyetaka kuutazama ukuta, na wote tuliutazama. Nilikuwa nimeinua mkono niseme tutarudia, au tupumzike, au tuache kabisa.

Ukutani pakabishwa mara mbili.

Nikawapa sauti, tukaanza tena.